“Admixture”: Kipi Kimetiwa, na Kimetiwa Kwenye Nini?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Chake Chake, msaidizi wa msimamizi kwenye ujenzi wa skuli. Katika masharti ya kazi mna sentensi hii: “No admixtures shall be used without the written approval of the Engineer.” Kamusi yangu inasema “admixture” ni mchanganyiko. Nilipomsomea fundi mkuu akaniuliza, “Sasa zege tusilichanganye?” Sikuwa na jibu. Juzi nimelikuta neno hilo hilo kwenye makala ya Kiingereza inayohusu asili ya Waswahili, na pale halikuwa na uhusiano wowote na saruji. Lina maana gani hasa, linatofautiana vipi na “mixture”, na mtu alitumie wapi?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah. Fundi wako alikuwa na haki ya kuuliza vile. Ukiifuata kamusi neno kwa neno, sharti hilo linawakataza kuchanganya saruji na mchanga mpaka mhandisi aandike barua, na hakuna skuli itakayojengwa kwa sharti la namna hiyo. Kamusi haikusema uongo. Imekupa nusu ya maana, na nusu iliyobaki ndiyo uliyokuwa ukiihitaji kazini.

“Mixture” ni vitu viwili au zaidi vilivyowekwa pamoja. Havina mwenyeji wala mgeni. “Admixture” inaanzia pengine. Kuna kitu ambacho tayari kipo na kina jina lake, kisha kikatiwa kitu chengine, na mara nyingi hicho kinachotiwa ni kidogo. Asili ya neno ni Kilatini: “miscere” ni kuchanganya, na “ad” ya mbele inaonesha kuelekea au kuingia kwenye kitu. Waingereza wamekuwa nalo tangu mwanzoni mwa karne ya 17, na ule mwelekeo wa kuingia haujalitoka mpaka leo, isipokuwa katika fani moja ambayo nitaifikia. Chai yenye tangawizi ni chai. Tangawizi ndiyo iliyoingia, na hakuna anayesema amekunywa tangawizi yenye chai. Basi kila unapolikuta neno hili, kabla hujafungua kamusi, uliza mambo mawili: kipi ndicho chenyewe, na kipi kimetiwa.

Kinachowatatiza wasomaji ni kwamba neno hili moja Waingereza hulitumia kwa mambo matatu yaliyo karibu karibu: kitendo cha kutia, kile kilichotiwa, na wakati mwengine kile kitu kizima baada ya kutiwa. Maana ya katikati ndiyo yenye kazi nyingi, nayo ndiyo iliyokuwa kwenye waraka wako. Tazama pia kwamba waraka umeandika kwa wingi, “admixtures”. Wingi huo ni dalili njema kwa mfasiri, kwa sababu kwa kawaida unakwambia kwamba vinavyotajwa ni vitu vya kutiwa, vya aina mbalimbali.

Tuliangalie zege basi. Saruji, mchanga, kokoto na maji ndivyo vinavyolifanya zege liwe zege, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa “admixture”. Viwango vya Marekani vya ASTM vinaeleza, nikivisema kwa maneno yangu, kwamba ni kitu chengine nje ya hivyo, na nje ya nyuzi za kuimarishia, kinachotiwa kabla ya kuchanganya au wakati wa kuchanganya ili kubadilisha tabia ya zege, ama likiwa bado bichi, ama linaposhika, ama likishakuwa gumu. Kiwango cha Ulaya, EN 934-2, kinaongeza kikomo: kisizidi asilimia 5 ya uzito wa saruji. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni kilo 2.5, na nyingi ya bidhaa hizi hutumika kwa kiasi cha chini sana kuliko hapo. Unaona udogo wa kinachotiwa ulivyoingia mpaka kwenye kanuni ya wahandisi.

Mafundi wetu huviita dawa. Neno hilo nalipenda na ningelitumia bila ya kuona haya, kwa sababu linasema kazi ya kitu: hutiwa kidogo, hutiwa kwa kipimo, na hutiwa kwa sababu maalumu. Kwa hivyo sentensi yako ningeifasiri hivi: “Isitiwe dawa yoyote kwenye zege bila ya idhini ya mhandisi kwa maandishi.” Uwiano wa saruji, mchanga na kokoto una kifungu chake chengine, na humo utaona neno “mix” peke yake, bila ya “ad”.

Mhandisi ana sababu ya kutaka maandishi. Kuna dawa zinazoharakisha zege kushika ambazo zimetengenezwa kwa kloridi ya kalsiamu. Kloridi ni ya jamii ya chumvi. Ikikaa ndani ya zege lenye nondo, nondo hupata kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Visiwani tayari tunapigana na chumvi ya upepo wa bahari na mchanga wa pwani, na kuongeza chumvi kwa mkono wetu ni kujitafutia hasara. Kuna dawa za kuchelewesha, zinazofaa kwenye joto letu zege linapochukuliwa mbali, lakini zikizidi kipimo zege linaweza kukaa bila ya kushika kwa muda mrefu kupita kiasi. Hata sukari ya kawaida ina uwezo huo: kiasi kilicho chini sana ya asilimia 1 ya uzito wa saruji kinatosha kuchelewesha kushika, ndiyo maana ndoo iliyokuwa na sharubati isitumike kuchotea maji ya zege kabla haijaoshwa. Kwenye madebe mtakayonunua mnaweza kukuta herufi za kiwango cha ASTM C494. Aina ya A hupunguza maji yanayohitajika, B huchelewesha, C huharakisha, na F hupunguza maji kwa kiasi kikubwa. Herufi hiyo ndiyo ya kumpelekea mhandisi, kwa sababu jina la biashara halimwambii kitu.

Mna mipaka miwili hapo ambayo waraka wa Kiingereza unaichukulia kuwa unaijua. Wa kwanza: dawa ya kuzuia maji inayotiwa ndani ya zege wakati wa kuchanganya ni “admixture”, lakini ile inayopakwa ukutani baada ya zege kukauka siyo, hata ikiwa imetoka kwa muuzaji yule yule. Wa pili: kitu kinachotiwa kiwandani wakati wa kutengeneza saruji huitwa “additive”. Mfano wake ni jasi, inayosagwa pamoja na klinka (vile vipande vigumu vinavyotoka kwenye tanuri la saruji) ili saruji isishike papo hapo mara inapoguswa na maji. Imeshaingia mfukoni kabla wewe hujaununua mfuko, kwa hivyo haihitaji idhini ya mtu kwenye eneo lako la kazi. Katika lugha ya kila siku watu huyachanganya maneno haya mawili. Kwenye mkataba usiyachanganye.

Kwa kuwa uko kwenye ujenzi, chukua na mfano wa pili, wa chokaa. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na udongo wa kujengea uliofanywa kwa chokaa na mchanga, mara nyingi pamoja na udongo mwekundu. Ukisoma ripoti za Kiingereza za ukarabati wa nyumba hizo unaweza kukutana na chokaa “with an admixture of cement”. Hapo chokaa ndiyo yenyewe na saruji imetiwa kidogo. Ukikosea ukaandika “saruji iliyotiwa chokaa”, umemkabidhi fundi kazi nyengine kabisa. Udongo wa chokaa hupitisha mvuke, ukuta ukalowa na ukakauka. Udongo wa saruji ni mgumu zaidi na hauachi unyevu kutoka kwa urahisi, ukabaki ndani pamoja na chumvi, na jiwe la tumbawe likaanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Ukuta wa karne ya 19 unaweza kuharibiwa na mfasiri aliyegeuza mpangilio wa maneno mawili. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyaraka nyingi za kazi zake huandikwa kwa Kiingereza kisha zikafika kwa fundi kwa mdomo wa mtu kama wewe. Kwa hivyo usilione swali lako kuwa dogo.

Sasa niruhusu nitoke kwenye ujenzi, kwa sababu kuna mahali ambapo tofauti ya “mixture” na “admixture” inatugusa sote, na mimi inanigusa zaidi. Ni lugha yetu. Utasikia watu, na wengine ni wasomi, wakisema Kiswahili ni mchanganyiko wa Kibantu na Kiarabu. Kwa Kiingereza wanasema ni “a mixture”, na neno hilo linachora picha ya lugha iliyofanywa kwa kuchota huku na huku, isiyo na mwenyewe. Mtu anayejua kazi yake angeandika kwamba ni lugha ya Kibantu “with an admixture of Arabic”. Sentensi hizi mbili zinatofautiana kwa ukweli. Ya pili ni sahihi na ya kwanza siyo.

Ushahidi uko mdomoni mwako. Neno kitabu limetoka Kiarabu, na kwa Waarabu wingi wake ni “kutub”. Sisi tuliposikia “ki” mwanzoni tukaliingiza kwenye ngeli ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Hatukuuchukua wingi wa Kiarabu, tulilivisha neno kanzu ya kwetu. Safiri ni Kiarabu, lakini waliosafirishwa ni nini? “Wa”, “li”, “o”, “ish”, “w” zote ni viungo vya Kibantu, na zimelikamata lile shina la kigeni mbele na nyuma. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za kwetu, sita, saba na tisa tumezipokea. Mreno katuachia meza na gereza. Kutoka Bara Hindi tumepata laki. Mwingereza katupa skuli, wakati wenzetu wa bara wakachukua shule ya Mjerumani. Vyote hivyo vimetiwa. Kilichovipokea ni sarufi moja yenye ngeli zake na upatanisho wake, na hiyo haikukopwa kwa mtu. Mwanafunzi wa Kizanzibari atakayeandika kuhusu lugha yake kwa Kiingereza aandike “admixture” hapo, na akiulizwa kwa nini, atoe mfano wa vitabu.

Tazama pia kwamba hakuna dharau kwa Kiarabu katika kusema hivyo. Kilichotiwa kinaweza kuwa kingi na kikawa na thamani kubwa. Neno linakwambia tu nani mwenyeji.

Katika biashara, neno hili huchukua sura nyengine, na sura hiyo si nzuri. Katika mikataba ya nafaka ya Uingereza “admixture” ni kila kilichomo kwenye gunia ambacho si nafaka iliyouzwa: mbegu za magugu, makapi, punje za nafaka nyengine. Kikomo kinachozoeleka huko ni asilimia 2. Kwetu Pemba jambo hili linafahamika bila ya Kiingereza. Anayepeleka karafuu kuuza anajua kwamba makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, yakibaki mengi ndani, daraja inashuka. Makonyo si uchafu kwa nafsi yake, maana kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta. Lakini ndani ya gunia la karafuu makonyo ni kitu kilichoingia pasipo pake, na hiyo ndiyo “admixture” ya wafanyabiashara. Kwenye mazingira haya usifasiri kwa “dawa” wala kwa “mchanganyiko”. Sema “vitu visivyotakiwa” au “takataka na vitu vya kigeni”, kufuatana na bidhaa.

Hapo hapo uwe macho na jirani yake, “adulteration”. Hiyo ni kughushi: maji ndani ya maziwa, sukari ndani ya asali, mafuta ya mboga ndani ya samli, kwa nia ya kumpunja mnunuzi. Sisi tunaikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyeingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini yake mmelowa, akasema anayeghushi si katika sisi. “Admixture” haina mashitaka hayo ndani yake. Makonyo yanaweza kubaki kwa sababu mchambuaji alichoka. Ukimfasiria muuzaji wa watu kwamba bidhaa yake imeghushiwa wakati ripoti inasema “admixture”, umemtia katika kesi ambayo hakushitakiwa.

Kutokana na matumizi haya ya biashara na ya vitabu vya zamani, Kiingereza kina msemo “without admixture”, yaani khalisi, bila ya kutiwa chochote. Msemo huo ni mzuri, lakini umeacha kivuli: neno likisimama karibu na watu, masikio husikia kama vile kuna kitu safi kilichoingiliwa. Hapo ndipo penye makala yako ya pili.

Katika elimu ya vinasaba (DNA, chembe za urithi), “admixture” ni istilahi, na ndiyo ile fani niliyosema imeuacha mwelekeo. Mwanasayansi anapolitumia anamaanisha kwamba jamii mbili za watu zilizoishi mbalimbali kwa muda mrefu zimekutana, zikaoana, zikazaa, na watoto wakarithi vinasaba vya pande zote mbili. Hamna mwenyeji na mgeni katika istilahi hiyo, hamna safi na chafu, wala hapana sharti la kwamba upande mmoja uwe mdogo. Inaweza kuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyelizoea neno kwenye zege au kwenye gunia la nafaka akilisoma hapa kwa maana ile ile, atatoka na fikra potofu kuhusu watu, na fikra hizo ni hatari zaidi kuliko zege bovu.

Nadhani makala uliyosoma inazungumzia utafiti uliotangazwa Machi 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza vinasaba vya kale vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na mji mmoja wa ndani ya nchi. Makaburi mengi yalikuwa ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Walichokikuta ni kwamba kwa wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya vinasaba vilikuwa vya Afrika, na vilipitia zaidi kwa kina mama. Sehemu kubwa nyengine ilikuwa ya Asia, na hiyo ilipitia zaidi kwa wanaume, khasa wa Uajemi, na kiasi kidogo cha Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, nasaba ya Uarabuni ikaongezeka. Wazee wetu wanaojiita Washirazi wamekuwa wakisimulia habari za Uajemi tangu hatujazaliwa, na msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, una maandishi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Utafiti umeyapa masimulizi hayo sehemu ya haki yao, na wakati huo huo umeonesha kwamba bibi zetu walikuwa watu wa hapa hapa Afrika.

Visiwa vyetu navyo vimo katika utafiti wa namna hii. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya mifupa kutoka pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, na pango la Makangale, kaskazini ya Pemba. Watu wa miaka 1,300 hadi 1,400 iliyopita walikuwa wa nasaba ya wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Mtu mwengine wa Makangale, wa miaka 600 hivi iliyopita, alikuwa wa nasaba inayofanana na ya wasemaji wa lugha za Kibantu wa leo. Nakutajia haya ili uone kwamba swali la “admixture” kwa wanasayansi ni la kupima: jamii ipi ilikutana na ipi, kwa kiasi gani, na lini.

“Lini” wanaijuaje? Mtoto wa kwanza wa ndoa ya watu wa mbali anapokea nyuzi nzima nzima za vinasaba, moja ya mama na moja ya baba. Anapozaa yeye, nyuzi hizo hukatika na kuunganishwa upya kabla ya kurithishwa. Kila kizazi kinazidi kuzikata. Kwa hivyo vipande virefu vya asili moja vinaonesha kwamba mkutano ulikuwa karibuni, na vipande vifupi vifupi vinaonesha kwamba ni wa zamani. Wanapima urefu wa vipande, wanahesabu vizazi, wanapata takriban mwaka.

Kuna programu ya kompyuta inayotumika sana, iliyotolewa mwaka 2009, nayo jina lake ni ADMIXTURE, kwa herufi kubwa zote. Ukiona jina limeandikwa hivyo usilifasiri, ni jina la kitu. Matokeo yake huchorwa kwa milia ya rangi, kila mtu na mlia wake. Wasomaji wengi huziona rangi hizo wakadhani kila rangi ni kabila. Sivyo. Idadi ya rangi huchaguliwa na mtafiti mwenyewe kabla ya kuiendesha programu. Akisema makundi matatu, itagawa matatu. Akisema matano, itagawa matano. Rangi ni namna ya kupanga mfanano wa vinasaba, na haimwambii mtu yeye ni nani.

Kwa Kiswahili, istilahi hii naifasiri “kuchanganyika kwa nasaba”, na pale inapokuwa kitu cha kupimwa, “mchanganyiko wa nasaba”. Angalia mambo yalivyogeuka: neno “mchanganyiko”, lililokupoteza kwenye zege, ndilo linalofaa hapa, kwa sababu hapa hakuna kilichotiwa kwenye chengine. Siridhiki na wanaoandika “uchotara” katika makala za sayansi. Neno hilo lina historia ya kupanga watu madaraja, na Zanzibar tunaijua historia hiyo vizuri mno kulirudisha kwa kisingizio cha tafsiri.

Umeuliza ulitumie wapi. Ni neno la waraka, la maabara na la kitabu. Mwingereza jikoni kwake hasemi “admixture” anapokoroga unga, anasema “mixture”, na wewe katika barua za kawaida fanya hivyo hivyo. Darasa lenye wanafunzi wa Unguja na Pemba ni “a mixture”, au “a mix” ukitaka wepesi. Litumie “admixture” unapotaka msomaji aone kwamba kitu kimoja ni msingi na chengine kimeingia: heshima yenye chembe ya woga, dhahabu yenye shaba kidogo, hotuba ya Kiswahili yenye maneno ya Kiingereza hapa na pale. Umbo lake la kawaida ni “with an admixture of”, kisha unataja kilichoingia, hutaji kilichopokea. Wanafunzi wengi hugeuza hapo. Katika “without admixture” halichukui “an”. Kitenzi “admix” kipo lakini ni adimu. Kwa kazi ya kila siku sema “mix in” au “add”.

Katika kutamka, mkazo uko kwenye silabi ya katikati: ad-MIKS-cha. Ile “d” isikike lakini usiibandike irabu baada yake, na mwisho wake ni “cha” fupi, kama mwisho wa “mixture”.